Ukiuza redio ya mkononi bila kuipanga, umeuza kesi

Leo nasema jambo ambalo baadhi yetu halitawafurahisha.

Kila nikifungua status nakutana na zile redio za upepo za mkononi, zile wanazoshika walinzi: Baofeng UV-5R, Baofeng BF-888S. Picha ile ile ya kiwandani, maneno yale yale: inafika kilomita 10, ina chaneli za siri, haitaki vocha wala bando. Ukimuuliza muuzaji inapangwaje, anakujibu, "Hiyo inakuja tayari bosi."

Haiji tayari. Na hapo ndo tunapowaumiza wateja.

Naanza na kosa langu mwenyewe. Niliuza 888S nne kwa mtu wa ukumbi wa sherehe hapa Chumbageni. Baadaye nikauza sita kwa mwenye yadi, siyo mbali na ukumbi ule. Zote nilizitoa kwenye boksi nikakabidhi. Jumamosi mlinzi wa yadi anasikia, "Leteni pilau meza ya tatu." Na huko kwenye harusi wanasikia, "Geti la nyuma bado halijafungwa." Watu wa ukumbi walicheka. Mwenye yadi hakucheka hata kidogo, maana yeye kanunua ulinzi, siyo matangazo. Alirudisha zote sita, nikamrudishia hela yake, na bodaboda nikalipa mimi.

Kwa nini ilitokea? 888S ina chaneli 16, haina kioo, haina vitufe vya namba. Inatoka kiwandani na masafa yaliyowekwa tayari, na redio nyingi zinakuja na yale yale. Huwezi kuyabadilisha kwa mkono, mpaka kompyuta. Muuzaji asipoyabadilisha, hakuna atakayeyabadilisha.

Kuipanga siyo uchawi. Kuna programu inaitwa CHIRP, ni ya bure, imetengenezwa na wapenzi wa redio wanaojitolea. Unahitaji laptop ya kawaida na waya wake wa USB wenye pini mbili. Tahadhari kwenye waya: ile ya bei ya chini kabisa mara nyingi ina chipu bandia ya Prolific, Windows inaikataa. Tafuta yenye chipu ya FTDI au CH340. Zima redio, chomeka pini mpaka mwisho kabisa, washa. Kisha jambo la kwanza, kabla hujagusa kitu, vuta yaliyomo kwenye redio na uyahifadhi kwenye kompyuta. Ukiharibu, una pa kurudi. Halafu ndo uandike masafa ya mteja na uyarudishe kwenye redio. Ukishazoea, redio moja ni dakika chache.

Na tuache kudanganya kuhusu "chaneli za siri". Ile toni unayoweka haifichi mazungumzo. Inachofanya ni kuzuia redio yako isikuletee sauti za wengine wasio na toni hiyo. Lakini mwenye redio isiyowekwa toni, akiwa kwenye masafa yako, anakusikia vizuri tu. Vilevile hizo kilomita 10: mjini, katikati ya nyumba, mwambie mteja kilomita moja au mbili, na mkajaribu pamoja kabla hajalipa.

Sasa tuje kwenye kesi yenyewe. UV-5R inaweza kurusha kuanzia megahezi 136 hadi 174, na tena kuanzia 400 kwenda juu. Ndani ya eneo hilo kuna watu wengine wana kazi zao, zikiwemo meli: chaneli 16 ya baharini, ile ya kuomba msaada, ni megahezi 156.8. Mtoto akichezea vitufe nyumbani Tanga mjini anaweza kuongea juu ya mtu anayezama.

Ndo maana masafa hayachaguliwi kama namba ya bahati. Kwa Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, msimamizi ni TCRA. Mteja anahitaji leseni ya masafa, kifaa kiwe kimeidhinishwa, na sisi wauzaji nasi tuna leseni zetu. Najua wengi hapa hatujawahi hata kuuliza. Tukaulize kabla mzigo haujakamatwa. Mteja akija na karatasi yake ya leseni, masafa yameandikwa humo, wewe unayaingiza tu.

Na akija yule wa "bosi niwekee na ya polisi nisikilize"? Kataa. Hela yake ni ya siku moja, kituo cha polisi kipo hapa hapa Chumbageni.

Kuna na ndugu zetu wavuvi wa Deep Sea. Wanaomba UV-5R kwa sababu ni rahisi. Mimi siwauzii, nawaambia ukweli: siyo redio ya baharini, haistahimili maji. Ikilowa siku ya dhoruba, kaka yangu kabaki na plastiki mkononi. Anahitaji redio iliyotengenezwa kwa ajili ya bahari. Bei yake imepanda, lakini sitaki siku moja nikumbuke kwamba niliuza hiyo nyingine.

Najua utasema, "Nikianza kuuliza leseni, mteja ataenda kwa jirani." Wengine wataenda, kweli. Mimi wamenikimbia. Lakini jirani anauza boksi, na boksi kila mtu analo, kesho kuna mwingine atashusha bei zaidi. Anayejua kupanga, kujaribu, kubandika jina la kila chaneli na kurudi ikisumbua, huyo harudishiwi mzigo. Mwenye shule, mwenye hoteli, mwenye kampuni ya ulinzi atamtafuta yeye, kwa sababu hao ndo wenye leseni na ndo wanaonunua redio kumi kwa mpigo.

Kama unazo hizo redio dukani sasa hivi, usizitume leo. Washa mbili, weka zote chaneli ya kwanza, ongea. Halafu jiulize nani mwingine hapo mjini amekusikia.

Wewe unazipanga au unatuma na boksi lake? Sema kwenye komenti, bila aibu.