Gazeti la Wafungwa Melini

Wako wanaosema kwamba mfungwa wa siasa ni mhalifu tu kama mwizi. Tunawaomba wamtazame John Boyle O'Reilly, kijana wa Ayalandi. Alikuwa askari wa Malkia wa Uingereza, naye akawaingiza askari wenzake kwa siri katika chama cha Wafenian kilichotaka nchi yao iwe jamhuri. Kiapo cha Malkia alikivunja, hatufichi. Lakini nchi yake ilikuwa na haki ya kwanza juu yake.

Mwaka 1866, akiwa na miaka 22, alihukumiwa kufa, kisha akapunguziwa iwe miaka 20 ya kazi ngumu. Mwaka 1867 alipakiwa katika meli Hougoumont kupelekwa Australia Magharibi. Humo melini Wafenian waliandika gazeti kwa mkono, matoleo saba, wakasomewa wenzao kwa sauti. Fikirini, ndugu, gazeti mbele ya bunduki za walinzi!

Huko alitengenezeshwa barabara. Mwaka 1869 akatoroka kwa meli ya wawinda nyangumi, akafika Marekani, akawa mhariri huko Boston. Wenzake hakuwasahau: alisaidia kupanga safari ya meli Catalpa, ambayo mwaka 1876 iliwachukua Wafenian sita kutoka Fremantle mpaka New York.