Umri hauisafishi almasi

Almasi ya kale huuzwa kwa sifa mbili, uzuri na usafi. Sifa ya kwanza inaistahili. Ya pili ni uongo, na uongo huo unaenea kwa sababu unawapendeza muuzaji na mnunuzi kwa pamoja. Unasema hivi: jiwe lililochimbwa zamani halihusiani na almasi za damu, lilitoka ardhini kabla ya vita vya Sierra Leone na Angola, kwa hiyo anayelivaa leo hana deni la mtu. Dai hilo likishikwa sehemu moja baada ya nyingine, hakuna sehemu inayosimama.

Uzuri haubishaniwi. Kabla ya mashine, mkataji alifuata umbo la jiwe ghafi alilopewa, akilisaga kwenye gurudumu lililopakwa mafuta na vumbi la almasi, huku jicho lake likiwa ndilo kipimo. Jiwe la wakati huo likitazamwa kwa lenzi ya sonara huonekana lina pembe nne zilizoviringwa, sehemu ya juu iliyoinuka na uso bapa mdogo. Chini kabisa katikati kuna kiduara kinachofanana na tundu: ni ncha ya jiwe iliyosagwa bapa makusudi ili isimeguke. Pande zake hazilingani sawasawa. Almasi ya kisasa, ambayo vipimo vyake vinafuata hesabu alizochapisha Marcel Tolkowsky mwaka 1919, hutoa vimulimuli vingi vidogo vyeupe. Ile ya kale, hasa karibu na mshumaa, hutoa miale michache mipana yenye rangi. Hata fremu yake ina akili: fedha mbele ili jiwe lionekane jeupe, dhahabu nyuma ili fedha isichafue ngozi na nguo. Anayeipenda kazi hiyo ana haki ya kuipenda.

Tatizo linaanza pale uzuri unapogeuzwa kuwa cheti cha tabia njema. Maduka yanapotangaza kwamba kito cha kale hakina lawama, swali la jiwe lilitoka wapi huwa halijibiwi. Nalo jibu lake, kwa ujumla, si gumu kukadiria, maana kila kipindi kilikuwa na machimbo yake, na kila machimbo yalikuwa na watu waliofanyishwa kazi kwa namna inayojulikana.

Hadi miaka ya 1720, karibu almasi zote zilizofika Ulaya zilitoka India. Mfanyabiashara Mfaransa Jean-Baptiste Tavernier, aliyefika machimbo ya Kollur katika karne ya 17, alikadiria kwamba watu 60,000 walikuwa kazini pale, wanaume, wanawake na watoto. Almasi mashuhuri kuliko zote za India, Koh-i-Noor, iliingia mikononi mwa Waingereza mwaka 1849 kwa mkataba uliotiwa saini na Duleep Singh, mtawala mtoto aliyekuwa na miaka 10, baada ya ufalme wake kushindwa vitani. Miaka 3 baadaye ilikatwa upya, ikapungua kutoka karati 186 hadi 105 na ushei. Hakuna kito chenye historia iliyoandikwa vizuri zaidi ya hicho, na historia yenyewe ni ya unyang'anyi.

Pete na mikufu mingi ya kipindi ambacho wauzaji hukiita cha Wafalme George, yaani kuanzia 1714 hadi miaka ya 1830, ina mawe ya Brazil. Ufalme wa Ureno ulitangaziwa habari za almasi za Minas Gerais mwaka 1729, na kwa zaidi ya karne moja iliyofuata mchanga wake ulioshwa na watumwa waliotoka Afrika. Utumwa wa Brazil ulikoma kisheria mwaka 1888 tu. Katika karne ya 19 meli zilizopakia watu Quelimane na Kisiwa cha Msumbiji zilikuwa miongoni mwa zile zilizowashusha Rio de Janeiro, kwa hiyo biashara ya watumwa ya Brazil si habari ya mbali kwa mtu wa pwani ya Afrika Mashariki.

Namna kazi ilivyofanyika inajulikana, kwa sababu Mwingereza John Mawe alifika huko mwaka 1809 akaieleza kwa makini. Palijengwa banda refu la nyasi kando ya mto Jequitinhonha, ndani yake mabirika ya mbao yakapangwa safu. Kila birika lilikuwa na mtumwa aliyeinama, akichakura mchanga na kokoto huku maji yakipita. Mbele yao walikaa wanyapara kwenye viti virefu, ili waone mikono yote. Mtumwa akipata almasi alisimama wima, akapiga makofi, akanyoosha mkono akiwa ameishika kwa vidole viwili, na mnyapara akaipokea na kuitia kwenye bakuli la maji. Wafanyakazi walihamishwa birika mara kwa mara wasije wakaficha jiwe mahali wanapopajua. Aliyepata jiwe la karati 17 na nusu alivishwa shada la maua, akapelekwa kwa msimamizi mkuu na kukombolewa kwa bwana wake. Mawe ya ukubwa huo ni adimu mno. Waliopata yale madogo, yaliyotosha pete na hereni za mabibi wa London na Paris, walibaki watumwa.

Mawe ya kipindi hicho ndiyo yanayosifiwa leo kuwa hayana damu.

Kuanzia miaka ya 1870 asili ya almasi ilihamia Afrika Kusini, na vito vingi vya mwisho wa enzi ya Malkia Victoria vilitegemea Kimberley. Uchimbaji ulianza pale mwaka 1871. Mwaka uliofuata Mwafrika alitakiwa kubeba kipande cha kuonyesha nani amemwajiri, na sheria ikamfungia njia ya kumiliki kiwanja cha kuchimba. Kuanzia 1885 kampuni zilijenga kambi zilizozungushiwa ukuta na kutandazwa wavu wa waya juu, ili mtu asirushe jiwe nje. Mfanyakazi aliingia humo kwa miezi ya mkataba wake na hakutoka. Mkataba ulipoisha aliwekwa chumba cha peke yake siku kadhaa, amevuliwa nguo, ana blanketi tu, mikono imefungwa ndani ya mifuko ya ngozi, na haja yake kubwa ikipekuliwa kutafuta almasi. Kufikia 1914 shimo la Kimberley lilikuwa na kina cha mita 240, kazi ya sururu na koleo, na lilikuwa limetoa karibu karati milioni 14.5. Cecil Rhodes aliunganisha machimbo mwaka 1888 chini ya De Beers, akatajirika, na jina lake likabandikwa kwenye nchi mbili.

Mwenye kuvaa pete ya mwaka 1895 ana uwezekano mkubwa wa kuvaa jiwe lililopita kwenye kambi kama hizo. Huenda akabisha kwamba desturi za zamani zilikuwa hivyo. Waliofungiwa ndani ya ukuta hawakuwahi kuziita desturi. Wengine waligoma, wengine walitoroka, na wengi walikufa kwa homa ya mapafu.

Vito vya miaka ya 1920, vile vyenye mistari ya pembe kali na platini, navyo vina mchango wa machimbo mapya. Mwaka 1908 mfanyakazi wa reli Zacharias Lewala aliokota almasi karibu na Lüderitz, Namibia ya leo, akamwonyesha msimamizi wake August Stauch. Utajiri ukawa wa Stauch. Hiyo ilikuwa nchi ambayo Wajerumani walikuwa wametoka kuwaangamiza Waherero na Wanama, miaka ileile ambayo jeshi la dola hiyohiyo lilikuwa likichoma vijiji vya kusini mwa Tanganyika katika vita vya Maji Maji. Huko Kasai, Kongo, kampuni ya Forminière ilianza kuchimba muda mfupi kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na Angola ikapata Diamang mwaka 1917, iliyotumia kazi ya kulazimishwa kwa miongo kadhaa. Msomaji anayejua maisha ya manamba wa mashamba ya mkonge atazielewa kambi hizo bila maelezo mengi.

Imani ya usafi haikutokana basi na historia. Ilitokana na tarehe. Umoja wa Mataifa uliwekea vikwazo almasi za waasi wa Angola mwaka 1998 na za Sierra Leone mwaka 2000, kisha mwaka 2003 ukaanza Mpango wa Kimberley wa kutoa vyeti. Tangu hapo watu wakachukulia kwamba lawama ya almasi ilizaliwa miaka ya 1990. Lakini mpango huo unahusu mawe ghafi tu, na mgogoro unaoutambua ni ule wa waasi wanaopigana na serikali. Mateso yanayofanywa na dola au kampuni hayamo. Kwa kipimo hicho hata Brazil ya watumwa ingepewa cheti, kwa kuwa Mfalme wa Ureno hakuwa mwasi.

Tarehe yenyewe nayo imeisha nguvu. Wafanyabiashara huita kito cha kale kile kilichotimiza miaka 100, na wengi wao huita cha zamani kile kilichopita miaka 20 tu. Mwezi Juni 2000 majeshi ya Uganda na Rwanda yalipigana siku sita ndani ya Kisangani, mji wa Kongo, na almasi za eneo hilo zilikuwa miongoni mwa yaliyogombaniwa. Mamia ya raia walikufa. Mwaka 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda iilipe Kongo dola milioni 325 kwa madhara ya vita hivyo, zikiwemo milioni 60 za maliasili. Jiwe lililotolewa Kisangani mwaka 2000, au Kono chini ya waasi wa Sierra Leone, sasa limetimiza umri wa kuitwa la zamani. Almasi za damu zenyewe zimeingia kwenye kabati la vito visivyo na lawama.

Hakuna maabara inayoweza kuzitenganisha na nyingine. Almasi nyingi ziliumbika chini ya ardhi kati ya miaka bilioni 1 na bilioni 3 iliyopita. Miaka 25 au 250 tangu ichimbwe haiachi alama inayopimika. Maabara hupima uzito, rangi na dosari, na hutambua jiwe lililotengenezwa na mashine. Haiwezi kusema lilichimbwa mwaka gani. Muhuri uliogongwa kwenye dhahabu unaeleza umri wa dhahabu, na jiwe la ndani huenda limebadilishwa mara mbili. Mkato nao si ushahidi tosha, kwa kuwa siku hizi wapo wakataji wanaochukua jiwe jipya na kulipa umbo la karne ya 19, pembe za kuviringika na kiduara cha chini vikiwemo. Wengi wao husema wazi. Mauzo yakipita kwa madalali watatu, uwazi huo hupotea njiani.

Sehemu moja ya dai ni ya kweli nayo haipaswi kukataliwa: pete ambayo tayari ipo haihitaji shimo jipya, na anayetaka kupunguza uchimbaji ana sababu nzuri ya kuinunua. Hiyo ni hoja ya ardhi na maji. Haiwahusu waliochimba, na haimpi muuzaji ruhusa ya kuwafuta.

Asili iliyothibitishwa inaonekana ilivyo kwa mfano wa Mwadui, Shinyanga. Mwaka 1947 mgodi alioufungua Mkanada John Williamson ulitoa almasi ya waridi ya karati 54.5. Aliitoa zawadi ya harusi kwa Binti Mfalme Elizabeth, ikakatwa London hadi karati 23.6, na mwaka 1953 Cartier wakaiweka katikati ya pambo la kifuani lenye umbo la ua. Shimo linajulikana, mwaka unajulikana, kila mkono uliopokea unajulikana. Vito vyenye kumbukumbu za namna hiyo ni vichache sana, na karibu vyote ni vya wafalme na matajiri wakubwa.

Kwa vilivyobaki, muuzaji mwaminifu anaweza kuandika kwenye stakabadhi anachokijua: umri wa fremu kwa muhuri wake, aina ya mkato, daftari la sonara au katalogi ya mnada kama ipo, na neno «haijulikani» mahali pa asili ya jiwe. Pale ambapo kipindi kinaelekeza Brazil kabla ya 1888 au Kimberley baada ya 1885, aandike hivyo pia, pamoja na aina ya kazi iliyotumika huko. Neno «safi» halina mahali kwenye karatasi hiyo.