Mama Anapotaka Kusema

Utenzi wa Mwana Kupona wengi wetu tuliusikia shuleni, tukaambiwa ni mafundisho juu ya wajibu wa mke kwa mumewe. Tukiusoma tena leo, tukiwa na wazazi wazee nyumbani, kinachotugusa ni kwamba aliyeutunga alikuwa mgonjwa. Mwana Kupona binti Mshamu, mjane wa kisiwa cha Pate huko Lamu, aliutunga mwaka 1858. Alikuwa ameugua mwaka mzima, ndipo akamwita binti yake, Mwana Hashima, aketi karibu ampe wosia. Baadaye alifariki. (Mengine aliyoagiza juu ya waume tungebishana naye, lakini hayo ni ya siku nyingine.)

Huku kwetu, toka Litembo milimani hadi Liuli na Mbamba Bay ufukweni, mzazi akizidiwa watoto hukusanyika. Mmoja anakoroga uji, mwingine anafua mashuka, wa tatu anampigia simu kaka aliyeko Songea. Mgonjwa akianza, "Wanangu, nikiondoka...", sote tunamrukia: "Usiseme hivyo mama, utapona!" Twasema kwa upendo, na kwa hofu pia, kana kwamba kukitaja kifo ni kukiita. Basi mama ananyamaza, anageukia ukutani.

Na mara nyingi alitaka kusema mambo madogo tu. Mibuni ya kule bondeni ni ya nani. Nani anamdai, na yeye anamdai nani. Avikwe kitenge kipi. Yule mjukuu aliyefiwa na mama yake abaki na nani. Baadaye ndugu wanavutana hadi baraza la kata kwa jambo ambalo mama angelimaliza kwa dakika tano.

Kwa hiyo mama, au baba, akianza, vuta kigoda ukae. Asipoanza, mwulize taratibu: "Mama, kuna jambo ungependa nilijue?" Kisha wewe ndiye unyamaze. Akichoka, mloweshe midomo kwa kitambaa, mgeuze ubavu, mngoje. Daftari la watoto latosha kuandikia. Ila akigusa shamba au nyumba, waite na ndugu wengine, pamoja na jirani asiye wa ukoo, wasikie wote. Karatasi iliyoandikwa na binti mmoja chumbani huzua maneno mengi.

Na kama hana la mali, anataka tu kusimulia alivyokuwa akienda ziwani kuanika usipa enzi za usichana wake, mwacheni asimulie, hata kama mmeshaisikia mara kumi.