Kasha Linaloonyesha Kila Kitu

Mume wangu kaamua kuunda kompyuta yake mwenyewe, na kasha analolitaka ni la akriliki, plastiki inayoonyesha ndani kama kioo. Hela yenyewe tuliitenga kwa ajili ya friji, basi nikanuna siku mbili. Ya tatu tukakaa mezani, tukalijadili.

Uzuri linao: ukiwasha, feni na taa zote unaziona. Lakini hapa Arusha, kiangazi kikikolea, vumbi la udongo wa volkano wa Mlima Meru halipigi hodi. Akriliki ukiifuta kwa kitambaa kikavu inapata umemetuli na kuvuta vumbi zaidi, tena inachubuka upesi. Spiriti ndiyo usiisogeze kabisa, inaitia nyufa ndogondogo. Tumia maji, sabuni kidogo na kitambaa laini. Halafu haipitishi joto kama bati, kwa hiyo feni ziwe za kutosha, zenye vichujio. Na skrubu ukizikaza mno, plastiki inapasuka.

Nimekubali friji isubiri, kwa sharti moja: kufuta ni kazi yake, kila Jumamosi. Jamani, hata ndoa ni hivyo hivyo. Ukichagua kuishi bila kufichana, ukubali na kusafisha.