Kiswahili Katika Skripti za Wasanii wa Unamu

Mijadala yetu kuhusu Kiswahili na kompyuta aghalabu huishia kwenye lalama moja: kwamba kampuni kubwa za programu hazijatutafsiria vya kutosha. Lalama hiyo ina ukweli wake, ila imetusahaulisha mlango mdogo ulio wazi tangu zamani. Makala haya yanauzungumzia mlango huo, yaani zile skripti fupi ambazo msanii huziandika ili programu ya kuhariri picha imtayarishie hati ya kazi.

Tumchukue kijana aliye Keringet, huko Kuresoi Kusini katika Kaunti ya Nakuru. Jina la mji huu wengi hulijua kutokana na chupa za maji. Wenyeji huujua kwa majani chai, viazi na baridi. Kijana wetu ni msanii wa unamu. Huchora nyuso zitakazovikwa maumbo ya vipimo vitatu katika michezo ya kompyuta na filamu za katuni: bati lenye kutu, gome la mtarakwa, udongo mwekundu baada ya mvua. Neno unamu, kwa maana ya wororo au ukwaruzo wa uso wa kitu, linamtosha kabisa, na sioni haja ya kumkopea jingine.

Kabla ya kuchora chochote, sharti aandae hati. Huanza na mraba wa pikseli, tuseme 2048 kwa 2048, kwa kuwa desturi ya fani hii ni kutumia vipeo vya mbili: 512, 1024, 2048, 4096. Kisha huweka tabaka la rangi, tabaka la mng'ao linaloonyesha wapi pang'ae na wapi pafifie, tabaka la mielekeo linaloiambia kompyuta kila sehemu ya uso imeelekea wapi, na juu ya yote mchoro wa mistari unaoonyesha umbo lilivyokunjuliwa. Tabaka la mielekeo haliachwi tupu; hujazwa rangi ya samawati-zambarau yenye thamani 128, 128, 255, ambayo maana yake ni uso tambarare. Nyumba moja ya kijijini ina paa, ukuta, mlango na uzio. Anayeandaa haya yote kwa mkono atarudia mibofyo ileile hadi achoke, na siku ya kusahau tabaka moja haikosi. Skripti huyafanya kwa mbofyo mmoja. GIMP, ambayo haina malipo, hupokea skripti za Script-Fu na za Python. Photoshop hupokea za JavaScript.

Hapa ndipo mwanafunzi wa Kiswahili anapohusika. Amri zenyewe ni za Kiingereza na zitabaki hivyo. Lakini majina ya matabaka, swali linalojitokeza kwenye kidirisha, onyo la kosa na maelezo yanayoandikwa kando ya amri ni mali ya mwandishi wa skripti. Hakuna wa kumwomba ruhusa. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa Jambo OpenOffice mwaka wa 2004, ulifanya kazi ya kupigiwa mfano. Hata hivyo, kutafsiri programu nzima kunahitaji kikosi na fedha, na kazi huanza tena kila toleo jipya linapotoka. Skripti ya mistari arobaini inahitaji jioni moja na watu wawili: mmoja wa kompyuta, mmoja wa isimu.

Wapo watakaosema kwamba mteja wa ng'ambo hataki faili iitwayo "bati_mielekeo". Hoja hiyo ni nzito, kwa sababu mteja ndiye mlipaji. Jibu lake limo katika skripti yenyewe. Majina yote huwekwa juu kabisa, kila neno la Kiswahili likiambatanishwa na lile analolidai mteja. Msanii hufanya kazi na kufundisha wenzake kwa Kiswahili, na faili zinapohifadhiwa kwa ajili ya kutumwa, skripti hubadilisha majina bila kuulizwa.

Alfabeti yetu nayo inatusaidia, kwani haina alama za juu wala za chini za kuivuruga kompyuta. Kuna kikwazo kimoja tu, na kwangu kinachekesha: ng'. Jina "mng'ao" likifungwa kwa alama moja moja za nukuu katika JavaScript au Python, kompyuta hudhani neno limekomea kwenye g, kisha inakataa kuendelea. Alama mbili mbili humaliza udhia. Jambo dogo kama hili halitaingia katika orodha ya istilahi iliyoandaliwa na watu wasioandika skripti. Orodha hizo tunazo, nyingine nzuri sana, na zimelala maktabani kwa kukosa mtu wa kuyatamka maneno yake akiwa kazini.

Chama chetu kinaweza kuanza na skripti hii moja, katika GIMP, na kuwapa wanafunzi wa sanaa waijaribu. Mabishano hayatakosekana. Neno "mielekeo" nimelichagua mimi, na nakiri lina upana unaoweza kutatiza, maana mwelekeo ni wa njia na wa fikra pia. Mwenye neno bora na alilete. Mahali pa kulibadilisha ni mstari mmoja.