Mbele ya kukata pori, tulisome kwanza

Wandugu wakulima,

Ku mikutano ya koperative tunazungumza mbegu, mbolea na bei ya mahindi. Pori la miombo tunalitaja tu siku ya kulikata. Mimi naona tunapoteza mali, juu miti ile na ndege wake ni sehemu ya shamba.

Tuanze na udongo. Mu vilima vya shaba, toka Kolwezi mpaka Fungurume, kuna mahali miti haioti. Panaota nyasi na maua madogo, na kati yao kuna ua la shaba, lile wataalamu wanaita Haumaniastrum katangense. Linavumilia shaba nyingi, ile ingeua mahindi. Watafuta madini walilifuata ili wajue shaba iko wapi. Mkulima naye alisome: mahali limejaa, usipande mboga. Lengalenga na mboga nyingine za majani zinaweza kunyonya madini na kuyafikisha ku sahani ya mtoto.

Halafu uyoga. Ule wa manjano, wamama wanauuza kando ya barabara wakati wa mvua, unaishi umeungana na mizizi ya miti ya miombo iliyo hai. Uyoga unasaidia mti kupata maji na chakula cha udongo, mti nao unaupa sukari. Ukimaliza miti, uyoga nao umekwisha, na hakuna mbegu yake ya kununua.

Ndege wa asali mnamjua: anamwita mtu, anamfikisha ku nyuki, halafu anakula nta. Mu 2016, watafiti waliofanya kazi Niassa, Msumbiji, walionyesha kwamba Wayao wakitumia mlio wao wa kumwita, nafasi ya kupata nyuki inapita mara tatu ile ya sauti nyingine. Na nyuki wale wale wanachavusha maboga na alizeti yetu.

Najua mtanijibu: makala njo inalipa minervali ya watoto. Ni kweli, na Kolwezi inapika na makala. Kwa hiyo siombi tuache kesho, naomba tupange. Visiki vya miombo vinachipua tena kama havikung'olewa. Moto wa Septemba na Oktoba njo unaua machipukizi. Heri kuchoma mapema, nyasi zikiwa bado na ubichi kidogo. Tugawe pori mafungu, tukate moja moja, na miti ya kando ya mto ibaki.

Jambo la mwisho: tuandike. Siku kampuni ya mgodi inakuja kuhesabu mali ya kijiji, mahindi yanaonekana, lakini asali, uyoga na masuku nani atavihesabu? Koperative yenye daftari, mwaka kwa mwaka, kilo ngapi na bei gani, iko na kitu cha kuweka juu ya meza. Daftari hilo tulifungue ku mkutano ujao, mbele mvua haijaanza.