Kuishi kwa kalamu: usiache mbachao kwa msala upitao



Seremala humfundisha mwanawe mambo mawili: kuchonga kiti, na kukiuza. Wengi wapendao kuandika hujifunza lile la kwanza tu. Mtu akiisha kuona jina lake limepigwa chapa mara mbili tatu, moyo wake humwambia: «Acha chaki, acha ofisi, kalamu itakulisha.» Maneno hayo ni ya hatari, maana hatalala na njaa peke yake. Nyumbani yumo mama watoto, na karo ya shule haingoji makala ichapwe.

Leo tuzungumze juu ya mwandishi asiyeajiriwa na gazeti lo lote, bali auzaye maandiko yake moja moja, leo hapa, kesho kule. Kazi hiyo ni ya heshima, nayo yawezekana. Lakini ina desturi zake.

Mtazameni Mwingereza Anthony Trollope, aliyezaliwa mwaka 1815 akafa mwaka 1882. Aliingia kazi ya posta mwaka 1834, akiwa karani. Kitabu chake cha kwanza kilitoka mwaka 1847, wala hakikumletea kitu. Mwaka 1855 alitoa kitabu kiitwacho The Warden. Mwisho wa mwaka ule kilimpa pauni 9, shilingi 8 na peni 8 tu. Je, alikata tamaa? La. Je, aliiacha posta ili apate nafasi ya kuandika? La, hata hilo hakulifanya. Aliketi mezani saa kumi na moja na nusu alfajiri, saa yake mbele yake, akajidai maneno 250 kila robo saa. Kisha akaenda kazini. Hesabu ya kurasa za kila siku aliitia katika daftari, ili uvivu usipate pa kujificha.

Kuhusu kuacha posta, alifanya shauri kwanza na mke wake. Wakapatana kwamba asitoke mpaka awe na akiba ya kumletea pato sawa na pensheni ambayo angeikosa. Alitoka mwaka 1867, baada ya miaka 33 ya utumishi.

Basi, mshahara si adui wa kalamu. Mwenye chakula nyumbani aweza kuikataa bei mbaya. Mwenye njaa hupokea bei yo yote.

Sasa, anayetaka kuanza na afuate mambo haya.

Kwanza, asome matoleo kadhaa ya gazeti kabla ya kuliandikia, apate kujua wasomaji wake ni nani na makala zake zina urefu gani.

Pili, ampelekee mhariri barua fupi: ataandika juu ya nini, jambo hilo lawafaa wasomaji kwa sababu gani, maneno mangapi, na atalileta siku gani. Siku hiyo aliyoitaja ni ahadi, asiivunje.

Tatu, mapatano yatangulie kazi, nayo yaandikwe. Malipo ni kiasi gani? Yatatolewa makala ikipokelewa, au ikiisha kuchapwa? Maana kati ya siku hizo mbili miezi yaweza kupita. Tena aulize anauza nini: ruhusa ya kuchapa mara moja, au haki zote? Sheria ya Kongo ya tarehe 5 Aprili 1986 hulinda haki ya mtungaji juu ya kazi yake. Lakini aliyetia sahihi ya kuuza haki zote asishangae kazi yake ikichapwa tena naye asipate kitu.

Nne, mali bila daftari hupotea bila habari. Aandike: makala gani, imepelekwa kwa nani, lini, jibu gani, malipo gani. Nakala ya kila andiko ibaki kwake.

Tano, makala iliyokataliwa isitupwe. Aisome tena baada ya siku chache, airekebishe, aipeleke kwa gazeti jingine.

Sita, pesa za kalamu huja kama mvua: mwezi huu nyingi, mwezi ujao hakuna. Sehemu yake iwekwe kando siku ile ile zinapopokelewa, hata zikija kwa simu, kabla hazijaonja soko.

Nanyi wanafunzi, msingoje kuwa watu wazima. Nusu saa kila siku, kwa lugha mnayoijua vizuri, yatosha kuanza. Haba na haba hujaza kibaba.

Na wewe, baba unayetamani kuishi kwa kalamu, jioni hii keti na mke wako, mpatane mambo mawili: ni saa gani ya siku iliyo ya kuandika, na ni fedha gani za nyumba zisizoguswa kamwe.